Kengele ya Saa Kumi na Mbili

Walukuba hatukuwa na kengele. Tulikuwa na midomo. Mwizi akionekana dirishani, nyoka akiingia jikoni, au mume akimzidishia mkewe kipigo, mwenye shida alitoka nje akapiga lile yowe ambalo Wasoga huliita enduulu, na kila aliyelisikia alipaswa kwenda. Hukuuliza kabila wala dini ya aliyelia. Uliacha sufuria motoni, ukashika chochote kilichokuwa karibu, ukakimbia. Asiyetokea aliulizwa kesho yake mbele za watu alikuwa wapi. Mimi niliolewa pale nikitoka upande wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, msichana mwenye ulimi mkali na miguu myepesi. Ulimi wangu uliwakera wengi katika ule mtaa wa wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, lakini miguu waliipenda. Enduulu ikipigwa, sikuwahi kuwa wa mwisho kufika.

Kisha wanajeshi wakaichukua nchi. Waliovunja milango sasa walikuja na bunduki, tukawaita kondo kama Uganda nzima ilivyowaita, na mara nyingine chini ya koti la kondo lilionekana buti la serikali. Jirani yetu mshona viatu alitoka na rungu kuitikia yowe la mjane wa nyumba ya nyuma. Asubuhi tulimwokota mferejini. Tangu hapo yowe likipigwa Walukuba, kilichofuata ni sauti ya makomeo yakifungwa, mlango mmoja baada ya mwingine, mstari mzima wa nyumba. Mume wangu alikuwa akisimama mbele ya mlango wetu, mikono ameitandaza, ili nisitoke. Nilimtukana kila mara. Hakusogea.

Yeye alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata akikanyagwa. Wahindi walipofukuzwa mashine zilibaki na waliozijua wakaondoka, kwa hiyo mtu wa namna yake akawa anagombaniwa. Alipandishwa cheo na kuhamishiwa Mbale, katika kiwanda cha nguo kule eneo la viwanda, na pamoja na cheo tukapewa nyumba iliyoachwa na familia ya Kihindi. Ilikuwa nyumba kubwa yenye nondo kwenye kila dirisha. Ukutani palibaki alama za picha zilizong'olewa, na kabati la jikoni lilinuka bizari hata nilipolisugua kwa majivu. Sikuipenda. Nililala pale usiku wa kwanza nikihisi kama mgeni aliyeingia kwa mtu bila kubisha hodi.

Hatujamaliza kufungua mizigo, akaja fundi wa kampuni ya kengele. Alikuwa mtu mfupi mwenye bisibisi mfukoni mwa shati, akaingia moja kwa moja mpaka kwenye korido, akafungua sanduku la chuma lililokuwa ukutani ambalo mimi nilidhani ni la umeme.

"Hii nyumba ni kastoma yetu tangu zamani," alisema. "Nyinyi mumekuja kukaa ndani ya kastoma."

Nilimwambia sisi hatukuomba kengele, na kama nyumba ndiyo mteja basi ailinde nyumba atuache sisi. Alinitazama kwa huruma, akapunguza sauti.

"Mama, kampuni sasa ni ya afande. Hata mimi zamani nilikuwa nasema hivyo hivyo unavyosema."

Basi tukawa wateja. Kila mlango na kila dirisha lilikuwa na waya mwembamba uliopita pembeni ya fremu mpaka kwenye lile sanduku. Chini ya zulia la ukumbini kulikuwa na mkeka wa waya, ukiukanyaga kengele ikiwa imewashwa, balaa. Kengele yenyewe ilikaa nje chini ya paa, pana kama karai, na ilipolia meno yaliuma. Binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, alijifunza kuruka ule mkeka kabla hajajifunza kutamka neno kengele. Nilimwona akiuruka huku anacheka na moyo ukaniuma. Mtoto hapaswi kujua mahali pa kutokanyaga ndani ya nyumba yao.

Masharti yalikuwa mengi, lakini mawili ndiyo yaliyokuja kutufunga. La kwanza, kila jioni saa kumi na mbili kila mteja alitakiwa kuwasha kengele yake ilie kidogo, kisha aizime. Askari wa kampuni alipita mtaani kwa baiskeli akisikiliza. Kengele isiyosikika iliendewa na gari. La pili, kila mteja alikuwa na mwenzi wa kengele, mteja wa nyumba ya jirani, na kila mmoja alikaa na ufunguo wa pili wa mwenzake. Ukisafiri bila kuaga ofisini, anayeulizwa ni mwenzi wako. Ukipotea, anayechukuliwa ni mwenzi wako. Hilo la kuchukuliwa fundi hakulitamka. Alikohoa tu, na sote tulielewa kikohozi.

Mwenzi wangu alikuwa mama wa Kigisu, mkunga mstaafu, mjane, magoti yake yamekwisha kwa miaka ya kuinama. Wanawe walikuwa Kampala na ndio waliomwekea kengele wakidhani wanamfanyia mema. Lugha yetu ya Kibukusu na yake ya Kigisu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulielewana bila kutafuta maneno, na mimi nikamwita mayi kama ningemwita mama yangu. Tulibadilishana funguo juu ya ua. Aliuning'iniza wangu shingoni mwake kwenye uzi mmoja na msalaba.

"Sasa wewe ni mtoto wangu kwa nguvu," aliniambia, akacheka.

Kengele ile ililia kwa kila kitu isipokuwa mwizi. Ililia mjusi alipotembea juu ya waya. Ililia radi za mlima Elgon zilipopiga, yaani katika msimu wa mvua ililia karibu kila alasiri. Ililia umeme ulipokatika na ikalia tena uliporudi. Madirisha hatukuyafungua tena, tukakaa ndani ya joto kama mkate, na mume wangu alipotaka kwenda msalani nje ya utaratibu ilibidi tushauriane.

Nilipochoka nilikata kauli kwenda ofisini kulalamika. Ofisi ilikuwa mjini, katika lililokuwa duka la vitambaa. Sanamu mbili za kuonyeshea nguo bado zilisimama dirishani, uchi, hazina mikono. Nilikuta foleni ya wateja wenzangu. Huku nyuma ya foleni tulinong'onezana, huyu kengele yake imemtia mkewe ugonjwa wa moyo, yule amelipishwa waya ambao hajaletewa. Mzee mmoja mwenye tai alikuwa amefura kwa hasira, akaapa kwamba leo atasema yote. Mbele, nyuma ya meza, aliketi afande mwenyewe. Jina lake hakuna aliyelitaka mdomoni mwake. Mzee wa tai alipofika mezani alivua kofia.

"Asante sana, afande," alisema. "Kengele inafanya kazi vizuri."

Aliyefuata akashukuru pia. Aliyemfuata huyo akashukuru na kuuliza hali ya watoto. Mimi nilipiga moyo konde, nikajisemea nitawaonyesha wanaume hawa. Nilifika, nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Asante, afande. Tunalala vizuri."

"Muzuri sana," alisema bila kuniangalia. "Kastoma namna hii mimi napenda."

Nilitembea kurudi nyumbani nikitukana njia nzima, na wa kutukanwa zaidi nilikuwa mimi.

Hatari yenyewe ilianza siku ya Jumamosi mchana, mume wangu akiwa kazini na mtoto amelala. Nilikuwa napika ugali. Kengele ya mayi ikalia, ndefu, haikati. Saa kumi na mbili bado mbali, mvua hakuna, umeme upo. Nilimwona kwa akili yangu ameanguka, au ameshikwa koo. Sasa mtu mwingine yeyote wa mtaa ule angefunga mlango. Mimi Walukuba ilinipanda miguuni. Nilitoka na mwiko wenye ugali, nikauacha mlango wazi, na kengele yetu nayo ikaanza kupiga kelele nyuma yangu. Nilipita uwazi wa ua, nikaingia kwa mayi, nikamkuta jikoni anamfukuza mbuzi wa watu aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kula ndizi zake.

Tulikuwa bado tunamvuta huyo mbuzi pembe wakati gari la kampuni liliposimama. Walishuka vijana watatu wenye bunduki. Tangu waanze kazi hiyo, nadhani, hawakuwahi kuona mtu anayekimbilia kengele. Mwizi hukimbia kutoka kwenye nyumba, jirani hujificha. Aliyebaki, anayekimbia kuingia, ni nani? Walinilaza chini uso kwenye sakafu. Mayi aliwafokea kwa Kigisu, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya wakunga ambayo sitaiandika. Hawakunipiga, lakini hawakuniachia mpaka afande alipokuja mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha mayi, akauangalia mwiko.

"Nani nakutuma hapa?"

"Hakuna aliyenituma, afande. Nimesikia kengele."

"Kila mutu nasikia kengele. Kwa nini wewe peke yako nakuja?"

Nilisema huyu ni mama, nikafikiri ameumia. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza uongo uliotungwa vibaya.

"Kiswahili yako si ya hapa. Wewe Mukenya?"

"Ndiyo, afande."

"Na bwana yako?"

"Naye pia."

"Nafanya kazi wapi?"

Nilimwambia, ningefanyaje. Alitabasamu, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akaondoka. Sijutii kukimbia siku ile. Nikisikia leo nitakimbia tena. Lakini tangu saa ile alitujua, na kujulikana na mtu wa namna ile kulikuwa ugonjwa wenyewe.

Haukupita muda redio ikaanza kuwasema Wakenya, kwamba ni majasusi, kwamba wanakula chumvi ya Uganda na kuiuza Uganda. Kiwandani, Mkenya wa idara ya rangi aliitwa ofisini akaacha koti lake kwenye kiti, na koti likakaa pale hadi likaondolewa na mfagiaji. Akafuata wa stoo. Afande alianza kupita kwetu jioni jioni, mara kusikiliza kengele, mara kuuliza kama bwana amerudi. Alimwamkia mume wangu kwa kumshika bega na kuliacha bega polepole. Mume wangu alikonda. Alikuwa anakaa kwenye korido, karibu na lile sanduku, mahali pekee ambapo hakuonekana kutoka nje, na binti yetu akidhani ni mchezo alienda kukaa naye.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Wagisu na sisi Wabukusu tunatahiri mwaka ule ule, na watahiriwa huzunguka kwa jamaa zao kuwaalika, wamepakwa unga wa wimbi, wakifuatwa na umati unaocheza na kupiga zile ngoma ndefu za kadodi. Jamaa hawajui mpaka. Wengine wako Bubulo, huku Uganda, wengine wako ng'ambo ya mto Lwakhakha, Kenya, na umati huenda kote. Ukoo wa mayi ulikuwa na mtahiriwa mwaka ule na wajomba zake walikuwa ng'ambo. Mayi ndiye aliyeleta wazo kwamba mume wangu na mtoto wajifiche ndani ya umati ule mpaka ng'ambo, akalisema huku anamenya ndizi, kana kwamba anazungumzia habari za sokoni.

Tungeweza kwenda sote? Nimeulizwa hivyo maisha yangu yote, na watu walioketi vizuri. Kwenda Lwakhakha kwa miguu ni mwendo wa siku. Tungeondoka sote, saa kumi na mbili nyumba ingekuwa bubu, gari lingekuja, na kabla hatujauona mto vizuizi vyote vingekuwa vinatafuta mwanamume mrefu mwenye mtoto. Na wangemchukua mayi. Mimi ndiye niliyesema nitabaki niipige kengele. Mume wangu alipinga kwa ile sauti yake ya chini, nikamwambia nyamaza, nikaendelea kumfungia mtoto chakula kwenye kitambaa.

"Nikifika tu nitatuma mtu," alisema. "Mtu wa baiskeli, anayezijua njia za panya. Usiondoke na mtu mwingine, mama watoto. Ngoja huyo wangu."

"Tuma wawili," nilimjibu. "Mayi hawezi kutembea."

Walipita asubuhi, jua limeshatoka. Ngoma ziliujaza mtaa. Mume wangu alikuwa amepakwa unga usoni na kifuani kama wengine, ana fimbo na majani, na mtoto wetu yuko mabegani mwake anapiga makofi. Mimi nilibaki ndani nyuma ya nondo, kwa sababu askari wa baiskeli alikuwa amesimama kuangalia ngoma na alizoea kutuona sote pamoja; angeniona mimi angewatafuta wao. Mwanangu aliniona dirishani akanipungia mkono, akageuka kuangalia ngoma. Nilishika nondo zile mpaka sauti ikaisha. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno, ya kuwa mtu wa nchi mbili ambazo zote hazinitaki.

Jioni saa kumi na mbili niliwasha kengele, nikaizima. Kwa afande nilisema bwana ana homa. Mayi, aliyewahi kuwa mkunga, alithibitisha kwamba ni homa ya kuambukiza. Baadaye mama mmoja muuza magendo alipita na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa gazeti la Nairobi, akanipa bila kusema lolote zaidi ya salamu. Ndiyo ishara tuliyopatana na mume wangu, nikajua wamefika. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza bila kusikiliza barabara.

Afande alichoka na homa. Aliingia chumbani mwenyewe, akakifunua kitanda, akasimama akikitazama. Nilisubiri kupigwa. Badala yake akacheka kwa sauti kubwa, kicheko cha mtu aliyepata.

"Bwana amekimbia. Hakuna neno," alisema. "Kiwanda nataka yeye, gavana nataka yeye. Mimi naambia wao? Hapana. Muke iko hapa, bwana atarudi. Wewe kaa. Kila siku piga kengele yangu. Siku moja haipigi, mimi naenda kwa mama ile ya magoti."

Aliweka askari langoni, akasema ni kwa usalama wangu. Kwenye karatasi za kampuni, fundi alinieleza kwa aibu, nilikuwa mteja wa daraja la juu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Niliruhusiwa kwenda sokoni na kanisani na kwa mayi. Saa kumi na mbili nilitakiwa kuwa kwenye korido. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye siku yake huisha anapotaka. Popote nilipokuwa, hata kwenye ibada, kuanzia alasiri mwili wangu ulianza kugeuka kuelekea lile sanduku. Nikikuta foleni ya sukari, na sukari ilikuwa adimu kama dhahabu, nilitoka kwenye foleni mikono mitupu ikiwa saa kumi na moja imepita. Ilifika wakati nikawa naichukia saa yenyewe, ya ukutani, nikaigeuza ikaangalia ukuta, na bado nilijua.

Nilimngoja mtu wa baiskeli. Kila baiskeli iliyopunguza mwendo langoni niliinuka. Yule muuza sabuni nilimwomba amfikishie mume wangu neno, kwamba tuko wawili, kwamba mayi amekubali kuondoka akipata wa kumbeba. Aliitikia kwa kichwa. Hakurudi tena, na sikuthubutu kuuliza alipatwa na nini. Wengine walioleta chumvi na mafuta hawakutaka maneno. Maneno ndiyo yaliyoua watu.

Siku moja mayi alivua ule uzi wa shingoni, akaweka ufunguo wangu mezani.

"Nenda, mwanangu. Mimi nimeshazeeka. Wakija watanikuta."

Nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia asinipe ruhusa ambayo siwezi kuitumia. Nilimwambia mtoto wangu ananisahau hivi sasa, leo, akila uji wa mtu mwingine, na yeye ananiletea ufunguo. Kisha nikalia, naye akalia, nikamvalisha ule uzi tena. Jioni nikapiga kengele.

Miaka ilipita hivyo. Siwezi kuitenganisha. Mume wangu hakurudi kuja kunaswa, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Mtu wake hakuja pia, na kwa hilo sikujua nimlaumu nani. Nilijipa sababu zote. Wamemkamata njiani. Amekufa. Nilipendelea kufikiri amekamatwa kuliko kufikiri hakutumwa.

Vita vilipofika, afande aliondoka na magari ya kampuni, waya, betri, na sanamu zile mbili za dirishani, sijui za nini. Askari wa langoni alivua shati la kampuni akalitupa ndani ya ua wetu. Wanajeshi waliokuja walizungumza Kiswahili kingine. Mmoja alisema "samahani mama" akiomba kupita, na mimi, niliyekuwa nimekizoea Kiswahili mdomoni mwa bunduki, nilikaa chini kwenye ngazi. Wanawe mayi walimjia kutoka Kampala. Mimi sikungoja gari. Niliondoka na kanga na chupa ya maji, nikafika Lwakhakha jioni, nikalala kwa watu, nikavuka asubuhi.

Mume wangu alikuwa shambani. Aliniona kutoka mbali akaacha jembe, akaja mbio, akaanguka, akainuka. Alinishika mikono yote miwili akawa anasema jina la Mungu tu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Binti yetu alitoka jikoni kwa bibi yake, mrefu, meno ya mbele yameng'oka na mapya yanaota. Alinisalimu kwa heshima, akaniletea kiti cha wageni, akakifuta vumbi kwa mkono.

Niliketi juu ya kile kiti. Nilimuuliza mume wangu, kwa utulivu niliouandaa njia nzima, mtu wa baiskeli alipatwa na nini.

Aliniangalia bila kuelewa, kisha akaelewa, na uso wake wote ukawa mpole kama zamani.

"Nilikuwa namtafuta wa kumtuma," alisema. "Lakini kila aliyevuka kutoka Mbale nilimuuliza habari zako, na wote waliniambia jambo lile lile. Kwamba nyumba yetu iko, ina askari langoni, na kengele inasikika kila jioni, haikosi. Nikaona kwa nini nikutoe kwenye ulinzi nikupitishe porini. Nilikuwa nalala usingizi, mama watoto. Nilikuwa namwambia mtoto, mama yako yuko salama."